Kilimo: Nyigu wadogo wanaowinda funza ndani ya majani, na dawa inayowaua wao kwanza

Mkulima wa maharagi au tomati anaijua alama hiyo: mstari mweupe unaojipinda juu ya jani, mwembamba mwanzoni, mpana mwishoni, kama mtoto aliyechora kwa chaki. Baada ya majuma mawili shamba zima limechorwa. Mama mwenye shamba anaenda sokoni, anachukua kichupa cha dawa kwa deni, anapuliza. Mistari inaongezeka. Anarudi kwa muuzaji, naye anamjibu: «Mama, rudia tena, na safari hii uongeze kipimo.»

Jibu hilo ndilo linaloharibu mambo.

Mstari ule si ugonjwa. Ni njia ya funza. Nzi mdogo wa milimita 2 hivi, mwenye rangi nyeusi na manjano, hutoboa jani na kuweka yai ndani yake. Funza akitoka kwenye yai anakula katikati ya jani, akiacha ngozi ya juu na ya chini zikiwa nzima. Akishiba anatoboa, anaanguka kwenye udongo, anajifunga ndani ya ganda dogo la kahawia, na baada ya siku chache anatoka nzi mwingine.

Tazama sasa nani anapata dawa. Funza yuko ndani ya nyumba yake na dawa nyingi za bei nafuu zinabaki nje. Chache zinapenya jani, lakini zikitumiwa kila juma, nzi wanaozivumilia ndio wanaobaki kuzaa, na vizazi vyao vinafuatana upesi. Anayekufa kwa hakika ni yule anayetembea juu ya jani mchana kutwa akimtafuta funza huyo: nyigu mdogo mno, ambaye wakulima wengi wamemwona wakadhani ni mbu.

Nyigu hao hawamchomi mtu. Jike la aina moja, Phaedrotoma scabriventris, hutembea akifuata mstari huku akigusagusa jani kwa papasi zake. Akimfikia funza anachomeka mrija wake kupitia ngozi ya jani na kutia yai ndani ya mwili wa funza. Funza haonyeshi kitu. Anaendelea kula, anaanguka, anajifunga ndani ya ganda. Anayetoka katika ganda si nzi, ni nyigu.

Aina nyingine, Diglyphus isaea, haina subira hiyo. Inamchoma funza, inampoozesha, kisha inaweka yai kando yake. Mstari unakatika hapo hapo. Mtoto wa nyigu anamla funza, na kabla ya kulala anajenga vinguzo vidogo kwa kinyesi chake ili paa la njia lisimwangukie. Ukiliinua jani kwenye jua unaweza kuviona, vidoti vyeusi vilivyopangwa kumzunguka.

Nini kinatokea nyigu wakiondoka? Wakulima wa viazi wa bonde la Cañete, kusini mwa Lima nchini Peru, walilijua hilo mapema. Walipuliza dawa kwa wingi dhidi ya wadudu wengine. Nyigu wakafa, na nzi wa majani, ambaye zamani hakuwa tatizo kubwa, akawa adui wao mkuu.

Kwetu Afrika ya Mashariki nzi wa namna hii walikuja na biashara. Mwaka wa 1976 mmoja wao, Liriomyza trifolii, aliingia Kenya ndani ya vipandikizi vya maua kutoka Florida, Marekani. Ndugu zake wawili wakafuata. Wakulima wadogo wanaouza maharagi mabichi na njegere Ulaya waliumia mara mbili: shambani, na uwanja wa ndege, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiwakataza wadudu hao na mzigo wenye funza uliweza kukataliwa. Nyigu wa kienyeji walikuwepo, lakini hawakutosha. Watafiti wa ICIPE, kituo cha Nairobi kinachochunguza wadudu, wakamleta Phaedrotoma kutoka Peru, wakamfuga, wakampima, kisha wakamwachilia mashambani.

Msomaji wa Congo anaweza kuuliza kama hayo si mambo ya maabara tu. Jibu liko katika sahani yake. Mwaka wa 1973, pande za Kinshasa na Brazzaville, alionekana mdudu mwenye unga mweupe anayefyonza ncha za muhogo. Majani yalijikunja, sombe ikakosekana, na katika maeneo mengine hasara ya mavuno ilifikia asilimia 80. Alikuja kutoka Amerika ya Kusini bila adui wake. Watafiti walimtafuta kwao, wakampata Paraguay mwaka wa 1981 pamoja na nyigu anayeitwa Anagyrus lopezi. Mwaka huo huo nyigu akaachiliwa Nigeria, kwenye kituo cha IITA cha Ibadan, kisha akafikishwa katika nchi zaidi ya 20. Muhogo ukarudi, na wakulima wengi hawakuwahi kujua kwa nini. Aliyeongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995, na ndiye aliyekuwa mkuu wa ICIPE hadi 2005.

Sasa kuna mgeni mwingine, nondo wa tomati ambaye Watanzania wamempa jina la kantangaze. Kati ya 2013 na 2015 alishambulia Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Huyu hachimbi jani tu, anaingia hata ndani ya tunda. Kwake pia nyigu ameletwa kutoka Peru na kuachiliwa Kenya. Tomati zinazovuka mpaka kwa kreti kila siku hazimsubiri mtafiti.

Ugumu uko kwenye muda na pesa. Nyigu anahitaji misimu kadhaa ili aenee, na mzazi anahitaji karo mwezi huu. Tena nyigu akishaenea hakuna anayemuuza, kwa hiyo hakuna muuzaji atakayemtangaza sokoni. Kazi hiyo ni ya serikali na vituo kama INERA, na lazima nyigu wa kigeni apimwe kwanza asije akawashambulia wadudu wengine.

Wakati huo, mkulima ana jambo moja la kufanya kabla ya kukopa kichupa kingine. Achume majani kama 20 kutoka pande mbalimbali za shamba, ayainue kwenye jua. Funza wa manjano anayesogea ni mzima. Funza wa kahawia aliyelegea, au vidoti vyeusi vilivyomzunguka mdudu mdogo aliyelala, ni kazi ya nyigu. Wakiwa wengi, aiache dawa. Mharagi uliokomaa huvumilia mistari mingi bila kupunguza mavuno; mche mchanga ndio wa kuhofia. Kwa mboga za majani hesabu ni nyingine, maana mnunuzi hataki jani lililochorwa, hata kama funza wake amekufa.