Maji ya Kunywa, Maji ya Injini

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa 10, simama pale barabara ya kutoka Masasi inapoanza kupanda kuja Newala. Hutakaa muda mrefu kabla hujaona lori limeegeshwa, boneti juu, mvuke unatoka. Limechemsha. Utingo ameshika dumu, anatafuta nyumba ya jirani aombe maji. Atapewa, kwa sababu huku kwetu mtu hamnyimi mwenzake maji, ingawa tunajua yanavyopatikana. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaonyonya mvua yote, mto hauna. Bibi yangu alikuwa akiteremka bondeni alfajiri, akirudi jua limeshapanda na ndoo moja kichwani. Hadi leo maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kwa mashine kutoka Mitema kuja huku juu.

Mimi ni fundi wa dizeli, gereji yangu iko Newala. Lakini habari ya maji ya injini sikujifunzia hapa. Nilijifunzia Mtwara, kwenye boti.

Nilikuwa kijana, nimeshikizwa kwa fundi mzee aliyetengeneza injini za boti za uvuvi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, fungua maji ya injini hii, tuyabadilishe." Nikashangaa. Boti imezungukwa na bahari nzima, ina haja gani na maji mengine? Akanionyesha. Kwenye injini ile kulikuwa na njia mbili za maji. Maji ya bahari yanavutwa kwa pampu, yanapita ndani ya vibomba vyembamba vya kipozeo, yanabeba joto, yanarudi baharini. Maji ya ndani yanazunguka kwenye silinda na kupita nje ya vibomba vilevile. Hayakutani hata tone, maana chumvi ingeitafuna injini. Kwenye lori hakuna bahari. Rejeta inakaa mahali pa kipozeo, upepo unafanya kazi ya bahari. Yale maji ya ndani, kazi yake ni ileile.

Nilipofungua, yalitoka mekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Nahodha akatetea injini yake: haijawahi kuchemsha, kwa nini tuiguse? Mzee hakubishana. Alichomoa slivu moja ya silinda, akaigeuza upande unaokaa kwenye maji. Ilikuwa na vitundu kama mti ulioliwa na bungua.

Hili ndilo wenye malori na mashine za kusaga wengi hawaambiwi. Kila dizeli inapolipuka ndani ya silinda, slivu inatikisika. Mtikisiko huo unazaa viputo vidogo vya mvuke kwenye maji, navyo vikifumba vinapiga chuma kwa nguvu na kumega chembe. Siku moja tundu linatoboka, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka kama chai ya maziwa. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ina dawa inayotandaza utando mwembamba juu ya chuma, utando ndio unaoliwa na kujijenga upya. Dawa hiyo inakwisha, na rangi inabaki nzuri vilevile. Ndiyo maana kulanti za zamani hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na nyingine za kisasa hufika 5. Soma dumu na kitabu cha injini yako, usisome rangi. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, na ukichanganya aina mbili dawa zinaweza kuuana.

Tena kuna mwinuko. Hapa Newala maji matupu huchemka karibu na nyuzi 98, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye presha ya ba 1 unapandisha kiwango hicho hadi kukaribia 120. Mfuniko ukilegea mpira, umepoteza nyuzi zaidi ya 20 kwenye mlima uleule.

Kubadilisha kwenyewe hakuhitaji haraka. Injini ipoe kabisa, mkono ukae juu ya rejeta bila kuungua. Nimeona uso wa kijana aliyefungua mfuniko wa moto, sitaki kuuona tena. Fungua koki ya chini ya rejeta, kisha nati ya bloku, maana ukiacha bloku umebakiza sehemu kubwa ya uchafu. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Jaza taratibu, hewa ipate njia ya kutoka. Washa, acha themostati ifunguke, sikia mpira wa juu ukipata moto, kiwango kikishuka ongeza kwenye tangi la akiba. Kesho asubuhi, injini baridi, tazama tena.

Na maji ya kuchanganyia kulanti? Kama kulanti yako si ile iliyokwisha changanywa, nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini ndiyo salama. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yataacha ukoko huohuo kwenye bloku, na ukoko unazuia joto lisitoke. Dereva akikwama bila maji ya dukani, namwambia achukue ya mvua. Ila yasiwe ya kwenye tangi la saruji, kwa kuwa saruji inayatia chokaa. Mimi naacha mvua ya kwanza ioshe bati, inayofuata naikinga moja kwa moja kwenye dumu la plastiki.

Kulanti iliyotoka naikinga kwenye beseni, kisha kwenye dumu lenye kizibo, nafungia stoo. Nyingi zimetengenezwa kwa kemikali yenye utamu, na utamu huo unaua: mbwa anailamba, mtoto anaikuta kwenye chupa ya soda. Hapa kwetu visima vya kuvunia mvua vimechimbwa uani, hatua chache kutoka gereji. Kijana wangu wa kwanza aliwahi kumwaga lita kadhaa chini ya mwembe. Siku hiyo tulichimba udongo wote uliolowa, tukaujaza kwenye magunia. Kisima cha jirani kilikuwa upande wa pili wa ukuta.