Mashine Imesimama, Umeme Haujasimama

Ndugu mkulima wa Meru na Embu, msimu mkubwa wa kahawa, Oktoba hadi Desemba, mashine za kumenya kahawa hufanya kazi mpaka usiku. Sakafu imejaa maji, mikono imelowa, na kila mtu ana haraka. Ikiwa unafanya kazi kiwandani, au una pampu ya umeme shambani, yafaa ukijue vema kile kisanduku cha ukutani chenye kifungo cha kijani na kifungo chekundu.

Wengi hudhani kwamba kubonyeza kifungo chekundu ni kukata umeme. Sivyo. Ndani ya kisanduku mna swichi inayovutwa na sumaku. Kifungo chekundu huiachia swichi hiyo, mota ikasimama. Lakini nyaya zinazoleta umeme kisandukuni bado zina nguvu zake zote. Kati ya waya mmoja na ardhi mna volti 240, na kati ya waya na waya mna volti 415. Nguvu hizo huua.

Tena, pampu nyingine huongozwa na boya lililo ndani ya tangi. Maji yakipungua, pampu huanza yenyewe. Ole wake aliyeingiza mkono kwenye mkanda wakati huo!

Basi, kabla ya kusafisha au kutengeneza mashine, fanya hivi:

1. Zima swichi kubwa ya mashine.

2. Ifunge kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayefanya kazi, si kwa mwenzako.

3. Jaribu kuiwasha mashine. Isipoanza, bonyeza kifungo chekundu, ndipo uanze kazi.

Kisanduku chenyewe usikifungue. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Na fyuzi ikiungua, usitie msumari wala kipande cha waya mahali pake. Fyuzi huungua ili kukuonya kwamba pana kosa. Mwite fundi alitafute.

Je, mwenzako akinaswa na umeme? Usimshike, maana nawe utanaswa. Kimbilia swichi kubwa uizime kwanza, kisha umsaidie. Apelekwe hospitali hata kama asema hajambo.

Kufunga kufuli ni kazi ya dakika moja. Kahawa itangoja dakika hiyo.