Udi, Kahawa na Kalamu ya Mama



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), wiki hii twapenda kuzungumza na akina mama wenye kuandika. Wamo wengi majumbani mwetu kuliko tunavyodhani: huyu hutunga kaswida za wanafunzi wa madrasa, huyu utenzi wa harusi ya mwanawe, yule ana hadithi za watoto katika daftari lililofichwa kabatini chini ya nguo. Malalamiko yao ni mamoja, kwamba kalamu imekauka. Tukiwauliza tangu lini, mara nyingi hujibu ni tangu walipokosa nafasi ya kukaa. Kazi za nyumba hazina mwisho, na mke aonekanaye amekaa na kalamu mkononi huhesabiwa hana kazi.

Wengine huona haya mbele ya dini. Husema, je, kustarehe si kughafilika? Hao twawakumbusha kisa cha Hanzala (r.a.), kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Hanzala alikuwa miongoni mwa waandishi wa Mtume (s.a.w.). Alimwendea akiwa na hofu kuwa amekuwa mnafiki, kwani akiwa barazani kwa Mtume moyo wake huona Pepo na Moto kana kwamba vi mbele yake, na akirudi kwa mke na watoto husahau mengi. Mtume hakumkemea. Alimfahamisha kwamba mambo huenda kwa saa, saa ya hili na saa ya lile. Twapendezwa kwamba aliyepewa jawabu hilo alikuwa mtu wa kalamu.

Imam Malik wa Madina naye, alipotaka kusomesha hadithi za Mtume, alikuwa akioga, akivaa nguo zake njema na kujitia manukato, na udi ukifukizwa hadi amalize. Alifanya hivyo kwa kuitukuza hadithi, wala hatusemi tungo zetu zina daraja hiyo. Lakini desturi hiyo yatufunza kuwa harufu njema huiandaa nafsi kwa jambo lililo mbele yake. Mama anayeweka kipande cha udi juu ya kaa la moto katika chetezo, kisha akafungua daftari, amekwisha kuiambia nafsi yake kwamba saa ya sufuria imepita. Asiye na udi, ubani watosha. Kukopa dukani kwa ajili ya udi wa bei kubwa hatukushauri, maana deni hufukuza utungo upesi zaidi kuliko kelele za watoto.

Kahawa nayo ina nasaba njema. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, waliinywa ili wapate kukesha katika dhikri. Kwetu Pwani wanaume tumejitwalia dele na baraza, na hapo ndipo mafumbo na mashairi hupikwa. Mke akitaka nusu saa kama hiyo uani kwake, twauliza chakula kimefika wapi. Hili si la haki, na twalisema tukijua watakaokunja uso.

Iko pia starehe ya kazi ya mkono. Anayeshona kofia ya vito, au anayesuka ukili wa mkeka, mikono yake imeshughulika na moyo wake u huru. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na sindano inayoingia na kutoka huzihesabu mizani hizo bila kuulizwa. Simu hatuiweki katika kundi hili. Hushughulisha mikono na moyo vyote viwili.

Atasema msomaji kwamba tungo kubwa zimetoka katika dhiki. Ni kweli. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, katika karatasi za chooni. Na Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake utendi wake mwaka 1858, takriban miaka miwili kabla ya kufariki. Lakini utazameni utendi huo ulivyo. Waanza kwa kumwita binti asogee na wino na karatasi, na ndani yake, pamoja na mambo ya ibada, yamo manukato na yasmini za kutungwa. Ugonjwa ulimpa sababu ya kusema. Maneno aliyatoa katika vitu alivyovishika na kuvipenda kila siku. Ustadh Ahmad Nabhany wa Lamu naye alifanyia utungo mnazi, na jahazi pia, vitu ambavyo sisi hupita mbele yavyo bila kugeuza shingo.

Basi enyi waume, twawaomba jambo dogo. Baada ya sala ya alasiri watoeni watoto, waende pwani au msikitini nanyi, mrejee karibu na magharibi. Msiulize kilichoandikwa; mtasomewa kikiwa tayari.

Nanyi akina mama wenye tungo, tuleteeni, hata zikiwa beti tatu. Si lazima zichapwe. Mwandiko wa mkono twausoma, na ulio kwa herufi za Kiarabu twaufurahia zaidi.