Upasuaji wa Kupunguza Unene na Ndimi za Watu

HUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamthubutikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maradhi na akateremsha pamoja nayo dawa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Jamaa zake, Masahaba zake na wote wenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baadu.

Ndugu zetu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni mtu kuutunza mwili aliopewa kuwa amana, na kuuzuia ulimi wake usimdhuru mwenziwe. Mambo haya mawili ndiyo maudhui yetu ya leo.

Swali limeletwa kwetu hapa Mlalo, na bila ya shaka linaulizwa katika nyumba nyingi nyinginezo: Mtu aliyeelemewa na unene, na maradhi yakamwandama kwa sababu ya unene huo, je, inajuzu akubali kupasuliwa tumbo ili apungue? Na afanyeje juu ya maneno ya watu? Maana akibaki na unene wake huambiwa ni mlafi, akienda kupasuliwa huambiwa anabadilisha maumbile ya Mungu, na akirudi hali amekonda huambiwa ana maradhi ya aibu. Tutalieleza jambo lenyewe kwanza, kisha hukumu yake, kisha adabu yake.

Kwanza ni unene wenyewe. Si kila mnene ni mgonjwa. Waganga wana kipimo chao: huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa nafsi yake. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105 hupata 41. Anayefika 25 huhesabiwa amezidi, anayefika 30 ni mnene, na anayefika 40 unene wake ni wa hatari kubwa. Hapo ndipo kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika pumzi usingizini hukithiri. Na kwa watu wa milima hii jambo hilo ni zito zaidi, kwani hapa hakuna kwenda shamba, kisimani wala msikitini ila kwa kupanda na kushuka. Magoti yakifa, mtu huwa mfungwa wa nyumba yake.

Wala si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa wamezidi uzito au ni wanene. Sababu zake ni nyingi: vyakula vya mafuta na sukari vimekuwa vyepesi kupatikana, kazi za kukaa zimeongezeka, na tena yapo mambo ambayo mtu hana hiari nayo, kama vile urithi wa wazazi, uzazi, dawa fulani na maradhi ya tezi. Basi anayesema kuwa kila mnene amejitakia mwenyewe, amesema asilolijua.

Pili ni huo upasuaji. Watu husikia neno hili wakadhani ni kukatwa mafuta kama yakatwavyo kwenye nyama. Sivyo. Njia moja ni kuuondoa upande mkubwa wa mfuko wa chakula, kadiri ya robo tatu au zaidi, ukabaki mfano wa mrija mwembamba. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na hata hamu yake hupungua, kwa kuwa sehemu iliyotolewa ndiyo itoayo zaidi kichocheo cha njaa. Njia ya pili ni kutenga kijifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo wa mbele, ili chakula kipite mkato. Kazi hizi siku hizi hufanywa kwa matundu madogo. Iko pia njia isiyo ya kisu: puto hutiwa tumboni kupitia kinywani, likajazwa, na baada ya miezi 6 au mwaka likatolewa.

Zamani wenye uwezo walisafiri nchi za mbali kama India kutafuta matibabu haya. Katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, imeanza kutia puto na kufanya upasuaji huu. Kwa hiyo si habari za magazeti ya Ulaya tena. Ni jambo ambalo mgonjwa wa Lushoto anaweza kuambiwa na daktari wake.

Faida zake zimethibiti. Huko Sweden wataalamu walianza mwaka 1987 kufuatia habari za wanene wapatao elfu nne, baadhi yao wakapasuliwa na wengine wakatibiwa kwa njia za kawaida. Mwaka 2007 walieleza kuwa waliopasuliwa walipungua uzito kwa muda mrefu, na vifo vyao vilikuwa vichache kuliko wenzao. Na wengi wenye kisukari hupata nafuu kubwa baada ya upasuaji huu.

Lakini usitudanganye mtu kuwa ni njia ya mkato isiyo na taabu. Panaweza kutokea kuvuja kwa mshono, kutoka damu, au damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni. Vifo ni nadra katika hospitali zenye mabingwa, ila vipo. Baadaye mtu huweza kupata mawe ya kifuko cha nyongo, upungufu wa damu na wa vitamini. Itampasa ale kidogo kidogo, atafune sana, anywe vidonge vyake vya vitamini na madini maisha yake yote, na ahudhurie kliniki bila ya kuchoka. Mwanamke huambiwa angoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Na asiyebadilisha ulaji wake, uzito waweza kumrudia. Kwa ajili hiyo waganga hawampi kila anayeomba. Kwa miaka mingi, tangu 1991, kanuni iliyotumika ni kuwa kipimo kifike 40, au 35 pamoja na maradhi kama kisukari. Na mwaka 2022 jumuiya za mabingwa wa fani hii zililegeza masharti hayo.

Tatu ni hukumu yake. Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama inafaa kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa hakuna maradhi yasiyowekewa dawa ila uzee. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi tiba ni katika mwendo wa Mtume, wala haipingani na kumtegemea Mungu.

Ama wale wanaotoa hoja ya kubadilisha maumbile, tunawajibu kuwa kilichokatazwa katika Suratun Nisaa aya ya 119, na katika Hadithi za kuchanja na kuchonga meno, ni kugeuza umbo kwa kufuata shetani au kwa kutafuta uzuri tu. Kuondoa madhara ni jambo jingine. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani zama za ujahili. Akatia pua ya fedha, ikaoza na kunuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atie ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu asili yake ni haramu kwa wanaume. Akiruhusiwa huyu kwa pua, vipi azuiliwe yule ambaye moyo wake na figo zake zimo hatarini?

Na wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili kwa makhususi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilikata shauri kuwa inajuzu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, na upasuaji ukiwamo, ikiwa uzito umekuwa ni maradhi, ikakosekana njia nyingine, na pakawa na amani ya kutodhurika. Masharti ni hayo matatu. Kwa hiyo aliye mzima, anayetaka kupendeza harusini tu, asijitie kisuni. Na ambaye hajajaribu kupunguza chakula na kutembea, aanze hapo, akumbuke mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kughufiri.

HUTUBA YA PILI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamsalia Mtume wake mwaminifu. Ama baadu.

Ndugu Waislamu, mgonjwa wa unene hubeba mizigo miwili: mwili wake, na midomo ya watu. Tena midomo yetu haina msimamo. Mwanamume akiota kitambi tunamwita tajiri, na bibi arusi akinenepa tunamsifu mumewe kwa kumtunza. Unene uo huo ukizidi tunaucheka. Na akipungua mtu, hata kwa tiba ya halali, twaanza kunong'ona kuwa ana UKIMWI. Watu wa namna hii huwezi kuwaridhisha, na mwenye akili hamkabidhi mtu wa namna hiyo uamuzi wa uhai wake.

Husemwa pia kuwa Mtume (S.A.W.) ameutaja unene kwa kuulaumu. Ni kweli, katika Hadithi ya Imran bin Husein ametaja watu wa baadaye ambao unene utadhihiri kwao. Lakini Imamu Nawawi ameeleza kuwa anayelaumiwa ni yule anayeutafuta unene kwa kujijaza vyakula, si yule ambaye ndiyo maumbile yake. Asiyejua maelezo ya wanavyuoni asiitwae Hadithi akaifanya fimbo ya kumpigia jirani.

Tazameni Mtume mwenyewe alivyokuwa na watu wazito wa mwili. Bibi Sauda binti Zam'a (R.A.), mkewe, alikuwa mama mnene na mzito wa mwendo. Katika Hija ya kuaga aliomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku, kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akampa ruhusa bila ya kumkejeli. Bibi Aisha (R.A.) alikuja kutamani kuwa naye angaliomba kama Sauda. Na Sahaba mmoja wa Kiansari, aliyekuwa na mwili mkubwa, alimweleza Mtume kuwa hawezi kufika kusali pamoja naye, akamwalika nyumbani kwake. Mtume akaenda, akasali humo juu ya mkeka. Hakumwambia kuwa amejitakia. Udhuru wake aliukubali, akamfuata aliko.

Na siku Masahaba walipocheka kwa wembamba wa miguu ya Ibn Masud (R.A.), Mtume aliwajulisha kuwa miguu ile ni mizito katika mizani ya Mungu kuliko Jabali la Uhud. Basi ikiwa mwembamba kachekwa na mnene anachekwa, tujue kuwa aibu imo katika jicho la mwenye kucheka.

Hata neno dogo si dogo. Bibi Aisha aliashiria ufupi wa Bibi Safiya (R.A.) kwa neno moja tu, na Mtume akamwonya kuwa neno hilo lingechanganywa na bahari lingeiharibu. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, Mola wetu ametukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya na kusengenyana. Ukimtaja nduguyo kwa analolichukia, nalo ni kweli, umemsengenya. Na kama si kweli, umemzulia. Majina ya kejeli wanayopewa wanene sokoni na shuleni yamo humo, ijapokuwa twasema ni utani.

Sasa tunamnasihi mwenye jambo hili. Usiamue kwa ghadhabu ya kutukanwa, wala usiache kwa hofu ya kutukanwa. Muulize daktari wako: Nini hatari yangu nikipasuliwa, na nini hatari yangu nikiacha? Nitafuatiliwa wapi nikirudi milimani? Vidonge nitavipata vipi? Shauriana na watu wako, kisha sali istikhara. Uhesabu pia gharama, maana si ndogo: usikope kwa riba, wala usiuze shamba linalowalisha wanao kabla ya kutazama njia nyingine. Ukiamua, huna deni la kumweleza kila mtu, kwani siri ya ugonjwa wako ni amana yako. Anayekuuliza kwa udadisi, umjibu kuwa unatibiwa, alhamdulillahi, kisha unyamaze.

Katika ibada, jua kuwa dini ni nyepesi. Asiyeweza kusimama atasali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa atasali kwa ubavu. Sala iliyompita kwa dawa ya usingizi atailipa. Saumu ya Ramadhani katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji aifunge kwa idhini ya daktari mwaminifu. Akikatazwa, atafungua na kulipa siku nyingine, kwa ruhusa iliyomo katika Suratul Baqara.

Na nyinyi mlio nyumbani, waume, wake, mama wakwe na mawifi: kumbukeni kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa aliyekatazwa mafuta asipikiwe chungu cha peke yake kama mtengwa. Ikibidi, nyumba nzima ile makande yasiyo na mafuta mengi na mboga zinazostawi katika mabonde yetu haya. Msimlazimishe kumaliza sahani ya pilau katika maulidi ili mridhike kuwa amekula, kwani tumbo lililopunguzwa halina nafasi ya heshima hizo. Nanyi walimu wa madrasa, msimwache mtoto mnene awe mchezo wa wenzake. Mtoto anayekimbia darasa la Kurani kwa sababu ya kuchekwa, dhambi yake haimrudii yeye peke yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape waganga wetu ujuzi na uaminifu. Tujaalie tuwe na kadiri katika kula kwetu, na uzilinde ndimi zetu zisiwaudhi waja wako. Utusamehe sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.