Rangi Si Matengenezo

Gari jipya likigongana katika njia ya Omurushaka kwenda Murongo, wengi wetu humwendea fundi wa karibu, na swali la kwanza huwa bei. Hilo ni kosa.

Yafaa ijulikane kwamba magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, na baadhi ya vyuma vyake hupoteza nguvu vikitiwa moto ili vinyoshwe. Mfuko ukishafunguka haufai tena. Sharti utiwe mwingine. Fundi aizimaye taa ya onyo tu amekuuzia hatari iliyopakwa rangi.

Basi muulizeni: Je, anacho chombo cha kusoma kompyuta ya gari? Atapima fremu, au atakisia kwa jicho? Ataandika kila kipuri? Na gari lenye bima kubwa lisiguswe kabla polisi na kampuni ya bima hawajalikagua.

Asipopatikana fundi wa namna hiyo Kayanga, gharama ya kulivuta hadi Bukoba au Mwanza ni ndogo kuliko msiba.

Na siku ya kuliuza, mwambieni mnunuzi kwamba liligongwa. Kuficha aibu ya kitu kiuzwacho ni haramu, na yeye pia ana watoto.