Ugonjwa Upi Usingoje Maji Kujaa

Katika visiwa vya Lamu safari ya mgonjwa huamuliwa na mwezi. Mtu wa Faza au wa Siyu atakaye kwenda Lamu mjini huuliza kwanza habari za maji, kwani mkondo wa Mkanda, upitao baina ya Manda na bara, hauna kina maji yakipwa, na mashua iliyochelewa hukwama topeni pamoja na abiria wake. Kwa hiyo mwenye kuuguza nyumbani hana haja ya kujua jina la kila ugonjwa. Lililo kubwa kwake ni kujua upi waweza kungoja maji yajae, na upi hauwezi.

Jicho jekundu ndilo liwatishalo watu zaidi, na mara nyingi si la kutisha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalienea pwani, Dar es Salaam na Mombasa. Ugonjwa wa namna hiyo ulipozuka Accra, nchini Ghana, mwaka 1969, watu waliupa jina la Apollo, kwa kuwa ulikuwa mwaka ule ule binadamu alipokanyaga mwezini. Macho yote mawili huwasha, hutoa machozi na matongo, na kope hugandana asubuhi; lakini mgonjwa akiisha kuyapangusa huona kama kawaida yake. Hayo yataka maji safi, sabuni ya mikono, na taulo lisiloshikwa na mtu mwingine, nayo kwa kawaida hupoa yenyewe baada ya juma moja au mawili.

Hatari iko katika jicho jingine lenye wekundu kama huo. Likiwa ni jicho moja tu, nalo lauma sana, mwangaza walichoma, kuona kumepungua, au juu ya cheusi cha jicho pametokea doa jeupe, basi huenda pana kidonda, na kidonda cha jicho hula upesi. Mkata boriti aliyechapwa na kijiti mikokoni, na mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki, hao wana haki ya kuogopa. Kipimo ni chepesi. Mgonjwa afunike jicho zima kwa kitanga cha mkono, autazame mlingoti wa jahazi lililotia nanga, kisha abadilishe. Ikiwa kwa jicho lile jekundu hauoni kama auonavyo kwa jingine, asilale nyumbani. Wala asitiwe maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala matone yaliyobaki kwa jirani. Kwani baadhi ya matone yana dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huondoa wekundu machoni pa watu huku kidonda kikizidi kula ndani.

Tena mtoto ambaye hajatimiza siku 28 tangu kuzaliwa, akitoka usaha machoni, huyo hangojewi kabisa. Vijidudu alivyovipata njiani wakati wa kuzaliwa vyaweza kumpofusha kwa siku chache, na dawa ipo. Wazazi wake nao yawapasa watibiwe. Wanja pia usipakwe machoni mwake, kwa sababu wanja mwingi una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa mtoto.

Liko na jambo la Lamu hasa. Nyumba za mji huo, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikimwingia fundi jichoni, dawa ya kwanza iko papo hapo kazini, nayo ni maji. Alazwe, kope zifunuliwe kwa vidole, amiminiwe maji safi ya jabia au ya mfereji kwa nusu saa bila kukoma, na chembe za chokaa zitolewe. Ndipo atafutiwe chombo cha kumpeleka hospitali. Amkimbizaye kabla ya kumwosha humfikishia daktari jicho lililokwisha kuungua. Na kikopo cha chokaa ya tambuu kisiachwe barazani wanapocheza watoto.

Tambuu yenyewe ina neno lake. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni walieleza kwamba popoo, hata bila tumbaku, huleta saratani ya kinywa. Mzee aliyetafuna maisha yake yote si rahisi kumwachisha, lakini aweza kujitazama kwa kioo. Akiona baka jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kilichopita majuma mawili, au kinywa kimeanza kukataa kufunuka, asiseme ni meno tu. Hilo laweza kungoja maji ya kesho, bali lisingoje mwezi ujao.

Katika ngozi, upele hujulikana kwa kuwasha usiku, baina ya vidole na viungoni mwa mikono. Kosa la watu ni kumpaka dawa anayejikuna peke yake. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, na leso, vikoi na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto.

Baka la ngozi lataka macho zaidi. Choa huwasha, hupukutika, na ukingo wake umeinuka kama pete. Baka la ukoma haliwashi. Huwa jeupe-jeupe au jekundu kidogo, na mara nyingi halina hisia. Mgonjwa afumbe macho, aguswe kwa uzi wa pamba, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asipotambua, aende zahanati bila haya. Tangu mwaka 1995 dawa za ukoma hutolewa bure ulimwenguni kote kwa njia ya Shirika la Afya. Mwenye mabaka machache humeza miezi 6, mwenye mengi 12, na punde baada ya kuanza dawa hawaambukizi tena. Aliyeficha baka miaka mingi hupona vijidudu, lakini vidole vilivyokwisha kupinda havinyooki kwa vidonge.

Pua ina machache. Damu ikitoka, mgonjwa ainame mbele, wala asiinue kichwa, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia. Mtoto atokaye kamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu, aghalabu ametia humo ushanga au kunde. Asichokolewe kwa kijiti, apelekwe kwa mganga. Lakini akiwa ametia betri ndogo ya saa, ile ya duara kama kifungo, atafutiwe chombo saa ile ile, kwani huunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu.