Uganda, Nchi ya Jani la Mgomba

Uganda haina bahari. Imekaa juu ya mstari wa ikweta, kaskazini na magharibi mwa Ziwa Victoria, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba 241,000, yaani robo ya Tanzania na ziada kidogo. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46, kwa hiyo robo hiyo ya ardhi inalisha watu wanaofikia robo tatu ya idadi yetu Watanzania. Ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, miezi kumi baada ya Tanganyika. Rais Yoweri Museveni yuko madarakani tangu mwaka 1986. Zao kubwa la biashara ni kahawa, na mafuta ghafi ya Hoima yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga.

Takwimu nyingine zimo katika vitabu vya jiografia. Mimi na mke wangu tangu turudi kutoka Kampala tunazungumza jambo moja tu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: jani la mgomba.

Tulivukia Mutukula tukitokea Bukoba. Kwa mtu aliyelelewa Kagera, migomba si kitu cha kumshangaza, na kwa kweli mpaka pale haukatishi chochote. Shamba la upande huu na la upande ule ni ndugu. Barabara hupita Masaka, ikafika Lukaya, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya basi wakiwa na mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma zinazoitwa gonja, kisha Kayabwe, penye alama ya ikweta ambapo kila mgeni lazima apigwe picha. Nasi tulipigwa.

Kampala ni jiji la vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Mengo ni kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Rubaga ni kwa Wakatoliki, Namirembe kwa Waanglikana. Kampala ya Zamani, ambako Mwingereza Lugard alijenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1890, leo ina msikiti mkuu wa taifa, na ukipanda mnara wake unaliona jiji lote limelala chini yako. Kasubi ndiko walikozikwa Makabaka wanne: Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba kuu ya makaburi hayo, iliyoezekwa kwa nyasi, iliteketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu aende akaone. Kuna pia sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, mama anayemwinua mtoto wake mikono juu, karibu na hoteli kubwa za Nakasero.

Nakasero yenyewe ina sura mbili. Juu ya kilima kuna ikulu ndogo, balozi, miti mikubwa na kuta ndefu. Huko hakuna la kusimulia. Shuka chini kuelekea katikati ya mji, utafika sokoni. Sehemu moja ya soko iko wazi, na hapo matunda na mboga hupangwa kwa mafungu yaliyonyooka kiasi kwamba mtu anaona haya kuvuruga fungu kwa kuchagua. Ng'ambo yake lipo jengo la zamani la ukoloni lenye viungo, nafaka na vitu vya nyumbani. Msimu wa mvua ukifika huuzwa senene, wakiwa hai au wamekaangwa, na wanawake hukaa wakiwanyonyoa mabawa kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Mke wangu, mzaliwa wa Muleba, alisimama mbele yao muda mrefu.

Mimi nilisimama penye majani.

Majani ya mgomba huuzwa. Hilo ndilo jambo la kwanza. Yamekunjwa mabunda, yamefungwa kwa kamba za magome makavu ya mgomba huo huo, nayo hufika mjini kwa baiskeli na pikipiki alfajiri. Mnunuzi hulifungua bunda, hulikagua jani moja moja kwenye mwanga, na lililochanika hulirudisha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza alinieleza, kwa Kiswahili cha kusitasita, kwamba jani la kufunikia si sawa na jani la kufungia. La kufunikia laweza kuwa na mpasuko mdogo. La kufungia lazima liwe changa, pana, zima kabisa.

"Likipasuka, ssebo, mchuzi unakimbia," alisema. Ssebo kwa Kiganda ni bwana.

Nyuma ya soko, katika vibanda vya chakula, niliona kazi ya majani hayo yote. Ndizi mbichi humenywa kwa kisu, mikono ikiwa imeloweshwa ili utomvu usigande. Ndani ya sufuria kubwa hutangulia uti wa majani, ule mgumu wa katikati, uliokatwa vipande na kupangwa chini kama sakafu, na maji hayazidi sakafu hiyo. Juu yake hutandikwa majani, ndizi zikafungwa ndani yake ziwe mzigo mmoja wa mviringo, kisha majani mengine na mengine tena, kingo zake zikisukumwa kuingia pembeni mwa sufuria mpaka mvuke usipate pa kutokea. Hakuna kifuniko cha bati. Ndizi hazigusi maji wala chuma. Zikiiva, mpishi huutoa mzigo ukiwa wa moto na kuukanda kwa viganja, majani yakiwa kati ya ngozi yake na chakula, hadi ndizi zimelainika. Kisha huurudisha motoni, moto mdogo sasa, akauacha. Saa nzima inaweza kupita. Kinachotoka ni matoke ya rangi ya dhahabu, laini, yenye harufu ambayo ndizi za kuchemsha hazina, kwa kuwa ni harufu ya jani.

Juu ya mzigo huo huwekwa luwombo. Hapa ndipo jani changa la kufungia linapohitajika. Hupitishwa motoni kidogo linywee na lisivunjike, uti wake hupunguzwa kwa kisu mpaka uwe mwembamba, kisha hulazwa ndani ya bakuli. Kuku au nyama iliyobabuliwa kwanza huingia, pamoja na mchuzi wa karanga, pengine uyoga au samaki mkavu. Ncha za jani hukusanywa juu na kufungwa shingoni kwa kamba ya mgomba. Kila mlaji ana kifurushi chake. Waganda husimulia kwamba luwombo ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga, mwishoni mwa karne ya 19. Iwe ni hivyo au sivyo, ni chakula cha kifalme kwa namna kinavyoletwa: kimefungwa, hakijaguswa, na wewe ndiye wa kwanza kukifungua. Mke wangu alipoifungua yake, mvuke ulimpiga usoni, akafumba macho, na hakusema neno mpaka alipomaliza. Katika ndoa yetu hilo ni tukio.

Nilihesabu kazi za mgomba katika mlo ule mmoja. Tunda ndilo chakula. Jani ni sufuria ya ndani, kifuniko, kitambaa cha mpishi na sahani. Uti ni chanja. Gome ni kamba. Baada ya kula, vyote vinatupwa mahali pamoja na vinaoza, na mbuzi hawasubiri hata vioze.

Tusidhani hili ni jambo la vijijini lililobaki mjini kwa bahati. Mwaka 2019 maduka makubwa ya Vietnam, yakiwemo ya Lotte Mart na Saigon Co.op, yalianza kufunga mboga kwa majani ya mgomba badala ya plastiki, baada ya duka moja la Chiang Mai, Thailand, kuonyesha njia. Kusini mwa Vietnam keki ya mwaka mpya, bánh tét, hufungwa kwa jani hilo hilo na kuchemshwa kwa saa nyingi. Dunia inalipia wataalamu wabuni vifungashio vinavyooza, na Nakasero vinauzwa kwa mabunda.

Sasa nije nyumbani, na naomba nisichukiwe. Sisi nasi tuna migomba: Kagera, Kilimanjaro, Rungwe, Morogoro. Malori ya ndizi hushuka Mabibo, Dar es Salaam, kila siku, na mikungu hufika imetandikiwa majani ili isichubuke. Majani hayo huishia kwenye lundo la taka. Hatua chache kutoka hapo, mama lishe anafunika wali kwa nailoni ili usipoe, na mteja anayebeba chakula anafungiwa mchuzi wa moto ndani ya mfuko mwembamba. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukashangilia, kisha vifungashio vyepesi vikarudi kufanya kazi ya mifuko. Bibi zetu wa pwani walifunika pilau kwa jani la mgomba kabla ya kupalia makaa juu. Wengi wetu tumeliona hilo kwa macho yetu. Tuliliacha lini, na nani alituambia ni ushamba?

Na katika hoteli zetu, mgeni akiuliza chakula cha wenyeji, huletewa chipsi na kuku. Kampala, hoteli ya kitalii ya Nakasero na kibanda cha nyuma ya soko vinapika luwombo ile ile. Tofauti ni bei na kitambaa cha meza.

Haki itendeke: Kampala haijatakata. Nailoni, wanayoiita kaveera, imejaa kwenye mitaro yake, na niliona wapishi wawili watatu walioifunika juu ya majani ili kuzuia mvuke upesi. Mama wa majani alipowaonyesha kidole, hakuwa na maneno mazuri juu yao.

Na mgomba wenyewe uko taabuni. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umeingia Kagera. Mti unanyauka, tunda linaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ugonjwa husafiri kwa visu, na kisu cha mkata majani kinapita mashamba mengi kwa siku. Wataalamu wa kilimo husisitiza kisu kipitishwe motoni au kwenye dawa ya klorini kila baada ya mti. Anayependa jani na asafishe kisu. Rutuba nayo imepungua Buganda kwa miongo mingi, hivyo mikungu mingi ya Kampala sasa hutoka mbali, Mbarara, Isingiro na Bushenyi.

Mambo mengine kwa ufupi. Usafiri wa ndani ni teksi, ambazo kwetu ni daladala, na bodaboda nyingi mno. Hali ya hewa ni ya kupendeza kwa kuwa mji uko mita kama 1,200 juu ya bahari. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na sokoni kinatosha, ingawa Kiganda ndicho kinachoteremsha bei. Sarafu ni shilingi.

Kwa mama lishe wa Mabibo, Ilala na Mwanza nina ombi moja: jaribuni juma moja. Majani yapo, yanatupwa mlangoni penu. Osheni, pitisheni motoni, funikeni wali. Na kwa viongozi wa masoko: tengeni meza moja ya wauza majani, ushuru wake uwe mdogo.

Anayekwenda Kampala afike vibanda vya Nakasero kabla ya saa saba mchana. Ikikaribia saa tisa luwombo ya kuku huwa imekwisha, na hawapiki nyingine mpaka kesho.